Kikombe cha Asiye Mtani

Alhamisi, katikati ya Juni. Ninaandika nikiwa nimeketi karibu na jiko la mkaa, nimejitanda khanga mbili juu ya sweta, na si kwa sababu ya baridi ya Songea peke yake. Wapendwa wa kundi letu, asubuhi ya leo nimejidhalilisha mbele ya mawakili wawili na kikombe kimoja. Naona heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, kwa maana mji wetu ni mdogo na ngazi za ofisi ile zinashukia dukani.

Mnajua nilikofikia. Baada ya kufundisha Historia kwa miaka mingi nilijitosa kusoma sheria, nikiwa na umri ambao wenzangu wanaanza kuulizia mafao. Shahada ninayo. Iko ukutani sebuleni, inashindana na kalenda ya parokia, na kalenda ndiyo inayotazamwa. Kinachokosekana ni ofisi ya mawakili ya kunipokea kama mwanagenzi ili nijifunze kazi kwa vitendo. Dar es Salaam ofisi ziko tele, lakini mama mkwe amehamia kwetu kutoka Mpitimbi na macho yake hayamwonyeshi tena mlango. Siwezi kumwacha. Hapa mjini nilikwisha kuitwa kwenye usaili mara mbili, na mara zote nikaharibu kwa ugonjwa uleule: mbele ya mkubwa, sauti yangu hukauka. (Mimi, niliyekuwa nanyamazisha kidato cha tatu kwa kukohoa tu.) Katika usaili wa pili niliulizwa kwa nini nataka kuwa wakili. Nikajibu, "Ndiyo, mheshimiwa."

Ofisi ya leo ndiyo iliyokuwa imebaki. Baada ya hiyo, hakuna nyingine mjini iliyotangaza nafasi.

Ndipo akaingia Mzee Ladislaus. Ni jirani yetu hapa Msamala, hakimu mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mtu wa Iringa aliyehamishiwa huku kikazi akasahau kurudi. Yeye ni Mhehe, mimi ni Mngoni, na msomaji wa kwetu hahitaji kuambiwa zaidi. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Shikamoo nampa Jumapili kanisani tu. Siku nyingine ni vita.

"Nimesikia umeshindwa tena," aliniambia juu ya uzio, siku nilipopata barua ya kuitwa. "Mngoni kushindwa kusema. Hilo nalo la kuandikwa."

"Naogopa, mzee. Nikiwaona wamekaa vile, nasahau hata jina langu."

"Mimi unaniogopa?"

"Wewe nikuogopee nini? Mbwa ndio wanaokuogopa. Wakikuona wanavuka barabara."

Akapiga kiganja juu ya uzio. "Umeona? Hukuhitaji hata kufikiri. Mtu hawezi kumwogopa mtani wake. Basi dawa ni moja. Wale mawakili, wafanye wote watani."

Kuanzia siku hiyo, kila alasiri alipoamka usingizini, nilikwenda barazani kwake kusailiwa. Alivaa koti lake la zamani la mahakamani, akakaa nyuma ya meza ndogo, na mkewe, Bibi Kalista, akamletea chai katika kikombe kimoja tu. Kanuni ilikuwa ya kiutani kabisa. Nikijibu vibaya, yeye anachukua kitu changu. Nikijibu vizuri, mimi nakunywa chai yake. Na nikishaionja sharti niilaumu, hata kama sukari imejaa hadi kijiko kinasimama chenyewe. Niseme, "Haina sukari. Ubahili huu mmerithi au mmejifunza?" Hapo ndipo jibu langu linahesabiwa kuwa limekamilika.

Mwanzoni nilifilisika. Alichukua karanga zangu, akachukua kitambaa changu cha kichwa (Bibi Kalista alikivaa misa ya Jumapili, na kilimpendeza kuliko mimi). Siku niliyochanganya ni nani mwenye wajibu wa kuthibitisha mila mtu anapoidai mahakamani, alivuka uzio mwenyewe, akaondoka na jogoo.

"Mzee, hata jogoo?"

"Huyu atakukumbusha," akasema, jogoo akiwa kwapani. "Kitabu unakisahau. Jogoo hutamsahau."

Lakini sauti ilirudi. Nilianza kujibu huku namtazama usoni, nikaanza kunywa chai. Wiki ya mwisho nilikunywa kila siku, mpaka Bibi Kalista akamuuliza mumewe kama sasa anamfundisha mtu sheria au kuhamia. Nilipoulizwa swali nikalimaliza vizuri, mkono wangu ulikwenda kwenye kikombe wenyewe, bila kuniomba ruhusa. Nilijivunia jambo hilo. (Ninaliandika hili ili muone kiburi kinavyoanza.)

Leo asubuhi, basi. Nilivaa suti ya bluu iliyokosa vifungo viwili tumboni, nikaifunika kwa skafu. Mume wangu, Baba Deo, alinitazama akasema, "Umependeza. Usikae karibu na dirisha." Nikapanda bajaji mpaka mjini. Ofisi iko ghorofani, juu ya duka la pembejeo, kwa hiyo unapanda kwenda kutafuta haki huku unanusa mbolea.

Walikuwa wawili. Wakili Neema, binti mdogo mwenye sura ya upole, alisimama aliponiona. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, hujambo? Kaa," nikamwambia. Akakaa. Ndipo nikakumbuka kuwa kiti ni chake na mwombaji ni mimi.

Wa pili alikuwa Wakili Rashidi, mkuu wa ofisi. Mtu mzima wa miaka sitini hivi, kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani, mzungumzaji wa polepole anayengoja neno limfikie kabla hajalitoa. Nilimpa shikamoo yangu ipasavyo. Akaitikia, akanionyesha kiti mbele ya meza yake. Juu ya meza kulikuwa na faili, kalamu na, upande wangu kidogo, kikombe cha chai kinachofuka moshi. Kimoja tu. Nadhani mnaanza kuona.

Alinitaka nijieleze, nikajieleza. Sauti ilikuwapo. Akauliza kwa nini mwalimu aache chaki kwa umri wangu. Nikamjibu kuwa nilichoka kuwafundisha watoto jinsi mababu zao walivyonyang'anywa ardhi, kisha nikitoka darasani nawakuta mama zao wananyang'anywa ileile. Wakili Neema aliandika kitu. Mimi moyoni nilisema: Mhehe, nakuja.

Kisha Wakili Rashidi akaegemea nyuma. "Mteja anakuja kwako kutoka Namtumbo," akasema. "Mwanamke. Shangazi yake alimpa shamba kwa maneno tu, mbele ya ndugu. Shangazi amefariki. Watoto wa marehemu wanasema hakuna karatasi, kwa hiyo hakuna shamba. Utaanzia wapi?"

Wapendwa, nilitamani kupiga magoti na kusali. Swali lile Mzee Ladislaus alikuwa ameniuliza karibu neno kwa neno, ila shamba la kwake lilikuwa la tumbaku. Nikalimwaga. Nikasema kwanza nitamwacha mteja azungumze hadi amalize, maana kiini cha shauri mara nyingi hujificha katika sentensi anayodhani si ya muhimu. Nikasema nitauliza nani alikuwapo siku ya kupewa, nani bado hai, nani amekuwa akilima na tangu lini, nani alipanda miti ya mpakani. Nitauliza kama wamekwisha kukaa kwenye baraza la ardhi la kata kupatanishwa. Nitaangalia ukomo wa muda kabla sijampa matumaini. Na nikamalizia kwa maneno ambayo sikufundishwa na mtu: kwamba nitamwuliza mteja kama anataka shamba, au anataka ndugu zake wakiri kuwa shangazi alimpenda, kwa sababu njia za kuvipata ni tofauti.

Wakili Rashidi alitikisa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu aliyeridhika.

Nami nikanyoosha mkono, nikachukua kikombe chake, nikanywa.

Si kuonja. Nilikunywa mafunda mawili, nikakishusha kifuani, nikakunja uso, nikamwambia mkuu wa ofisi macho kwa macho: "Haina sukari. Ubahili huu mmerithi au mmejifunza?"

Wakili Neema aliinama chini ya meza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Dukani chini mtu alikuwa anauliza bei ya mbegu za mahindi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, kama padre.

Wakili Rashidi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama," akasema, "mimi nina kisukari."

"Pole, mzee," nikasema. (Pole. Ndilo neno lililokuja.)

"Nimeshapoa. Sasa, shauri la shamba umelijibu. Naona tumepata shauri la pili, la chai." Hakucheka hata kwa jicho moja. "Mshtakiwa anasemaje?"

"Ni mila, mheshimiwa."

"Mila ipi?"

"Utani."

"Wewe ni kabila gani?"

"Mngoni."

"Na mimi?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Mimi ni mtu wa Tunduru. Myao. Kama kuna utani baina yetu, haujawahi kufika kwenye kikombe changu. Ulinidhania nani?"

"Mimi sikudhani kitu, mheshimiwa. Mkono ndio uliodhani."

Kutoka chini ya meza, Wakili Neema alitoa sauti kama ya chura aliyekanyagwa. Mkubwa wake hakumtazama.

"Unadai mila," akaendelea. "Ni nani mwenye wajibu wa kuithibitisha?"

"Anayeidai," nikajibu papo hapo. "Ni mimi." (Jogoo wangu hakuondoka bure.)

"Kwa njia gani?"

"Kwa shahidi anayeifahamu na kuiishi."

"Unaye?"

Hapa ningesema hapana. Mwanasheria mwenye akili angesema hapana, angeomba radhi, angerudi kwake. Lakini ugonjwa wangu wa kunyamaza ulikuwa umepona vizuri mno. Nikasema, "Ninaye. Yuko nyumbani kwake Msamala, anangoja simu yangu."

"Mpigie," akasema Wakili Rashidi. "Weka sauti ya nje."

Nilipiga. Nilibonyeza kwa kidole gumba, maana mkono wa pili ulikuwa bado na kikombe. Hakuna aliyeniomba nikirudishe na mimi sikujua utaratibu. Simu iliita mara moja tu.

"Kamwene, Mngoni!" Sauti ya Mzee Ladislaus ilijaa ofisi nzima. "Umetoka salama? Umewaona hao mawakili ni watu kweli, au ni wale wa kuazima koti?"

"Mzee," nikaanza.

"Usinidanganye, nakusikia unatetemeka. Niambie kimoja tu. Chai yao umekunywa?"

Nikamtazama Wakili Rashidi. Alinyoosha mkono kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, nikamsogezea simu.

"Assalaam alaykum, mzee," akasema. "Ameinywa. Mimi ndiye mwenye kikombe."

Kisha simu ikakatika.

"Shahidi wako amekimbia," akasema Wakili Rashidi.

"Ndiyo kawaida yao," nikajibu, "Wahehe." Nilisikia neno linatoka, nikalitamani lirudi, halikurudi.

Alishusha kichwa kwenye faili lake. Mabega yalimtikisika, na mpaka naandika haya sijui kama kilikuwa kikohozi. "Asante, mama," akasema bila kuinua uso. "Tutakupigia."

Maneno hayo nimeshaambiwa mara mbili kabla. Nayajua maana yake. Niliinuka, nikaweka skafu sawa juu ya vifungo visivyokuwapo, nikaaga kwa heshima zote, nikashuka ngazi nikiwa nimenyoosha shingo. Nilijiambia: angalau umeondoka kwa hadhi.

Mwenye duka la pembejeo, kijana mchangamfu aliyekuwa anapanga mifuko, alinitazama kuanzia usoni hadi mikononi. "Mama, huko juu siku hizi wanagawa chai?"

Nilikuwa na kikombe.

Nilifikiria kukimbia. Nawaambia ukweli, niliitazama bajaji iliyosimama barabarani. Lakini mwanamke anayetaka kuwa wakili hawezi kuanza na wizi wa kikombe. Nikapanda tena zile ngazi na harufu ile ya mbolea, nikagonga mlango, nikafungua. Wakili Neema alikuwa amelaza kichwa mezani. Wakili Rashidi alikuwa ameshika kofia yake mkononi, anafuta machozi kwa leso, amefunua kinywa kama mtu anayetafuta hewa. Waliponiona wakatulia wote wawili kwa wakati mmoja, kama kidato cha tatu.

Niliweka kikombe pale pale kilipokuwa. "Kimebaki kidogo," nikasema. Sijui kwa nini. Nikafunga mlango.

Nyumbani nilimsimulia Baba Deo kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kama ilivyo tabia yake. Kisha akauliza, "Kwani chai ya nyumbani ina nini?" Mama mkwe, ambaye haoni ila masikio yake ni ya swala, alicheka huko chumbani hadi tukaenda kumpa maji.

Baadaye nilipokaa peke yangu, niliacha kucheka. Ile ndiyo ilikuwa ofisi ya mwisho, na nililijibu swali lile vizuri. Mara ya kwanza maishani mwangu nilijibu mbele ya mkubwa kama mtu mwenye haki ya kuwapo chumbani. Inauma kidogo kwamba atakachokumbuka ni mafunda mawili. Mzee Ladislaus hajatokeza uzioni tangu asubuhi. Bibi Kalista anasema amelala. Mimi nimeona kofia yake ikipita nyuma ya migomba.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Anayetaka kucheka acheke, ila afanye hivyo upande wake wa simu, na asinitumie picha za vikombe. Nimeshapokea tatu.

*

Nyongeza, wiki kadhaa baadaye, kwa walioniuliza kama bado niko hai.

Wakili Rashidi alipiga simu mwenyewe. Nilikuwa namwongoza mama mkwe kwenda kuota jua. Alisema maneno machache tu, kwa ile sauti yake ya kungoja. "Mwalimu, lile jibu lako kuhusu shangazi, la kumwuliza mteja anataka nini hasa. Nimekaa nalo. Njoo Jumatatu uanze." Nikasema asante, nikasema tena. Alikuwa amekwisha kuaga, kisha akarudi. "Na mama, njoo na kikombe chako."

Nikanunua kikombe. Yaliyofuata yamo katika barua hii, ambayo ndiyo ya kwanza niliyoiandika tangu niwe mwanagenzi. Wakili Neema aliipitia akasema muundo hauna kasoro.

Kwa Mzee Ladislaus,
Msamala, Songea.

YAH: KIKOMBE CHA BLUU

Nimeelekezwa na mteja wangu, ambaye pia ni mimi, nikuandikie kama ifuatavyo.

Kwamba Jumapili iliyopita baada ya misa uliingia jikoni kwa mteja wangu bila kubisha hodi, ukala magimbi yaliyokuwa yamefunikwa, na ulipotoka, kikombe kipya cha bluu kilitoka pamoja nawe. Kwamba ulipoulizwa ulijibu, "Ada ya mwalimu." Kwamba kikombe hicho ni nyenzo ya kazi, na kwa kukikosa mteja wangu sasa anakunywa chai ofisini kwa kifuniko cha chupa, mbele ya mwajiri ambaye kila akimwona anakaribia meza huvuta kikombe chake kifuani.

Unatakiwa kukirudisha kabla ya Jumapili ijayo. Ukishindwa, mteja wangu atakuja kunywa chai yako kila jioni atokapo kazini mpaka aridhike kuwa haki imetendeka, na mteja wangu si mtu wa kuridhika haraka.

Tunatambua kuwa utajitetea kwa mila. Unajua mwenye wajibu wa kuithibitisha. Utahitaji shahidi, na shahidi pekee uliyenaye ni mteja wangu, ambaye amekwisha kujifunza kwako jinsi ya kukata simu.

Kuhusu jogoo, mteja wangu hana madai yoyote. Yule alikwenda kwa haki.

Wako katika utani,
Agnella,
Mwanasheria Mwanagenzi.

Nakala: Bibi Kalista, kwa utekelezaji.